Korosho Haichumwi: Niliyojifunza kwa Wanafunzi Walionakili

Kila mwaka wiki za mafunzo kwa vitendo zinapomalizika, wanafunzi wa chuo ninachofundisha hapa Mtwara mjini hurejea kutoka Newala, Tandahimba, Masasi, Ruangwa, Liwale na kwingineko walikopangiwa, na kila mmoja hutakiwa kukabidhi ripoti ya kazi aliyoifanya huko. Siku hizo steshenari za mjini hujaa watu hadi usiku. Ripoti huchapwa, huprintiwa, hubaindiwa kwa jalada la plastiki, kisha huletwa ofisini kwetu mafungu kwa mafungu. Nyingi zimeandikwa na wenyewe, kwa jasho, na makosa yake yanaonekana. Lakini katika miaka yote ya kazi hii nimekutana pia na ripoti ambazo mtu mwenye jina lililo kwenye jalada hakuziandika, na baadhi hata hakuzisoma. Ninataka kueleza niliyojifunza kutokana na ripoti za namna hiyo, kwa sababu naamini shule na vyuo vyetu vinalishughulikia jambo hili kuanzia mwisho wake, kwenye adhabu, ilhali chanzo chake kiko mapema zaidi, kwenye kile tunachomwomba mwanafunzi aandike.

Njia yenyewe inajulikana. Kompyuta za steshenari huhifadhi kazi za wateja wa miaka iliyopita, na mwanafunzi aliyebanwa na muda huweza kuuziwa faili zima kwa bei ndogo. Anachobadilisha ni jina, namba ya usajili, jina la taasisi na tarehe. Wengine hutumiwa faili kwa WhatsApp na kaka au dada aliyesoma Moshi, Morogoro au Dodoma, na faili hilo huzunguka katika makundi ya darasa mpaka hakuna anayekumbuka lilianzia kwa nani. Wanafunzi huyaita madesa, na kwa wengi wao desa ni msaada wa kawaida wa kimasomo, unaotolewa na kupokewa bila kificho. Katika mazungumzo yangu na waliokamatwa, sijapata hata mmoja aliyeniambia kwamba alijiona mwizi wakati anabadilisha jina kwenye jalada. Waliogopa kukamatwa, hilo walilikiri. Lakini kitendo chenyewe kwao kilikuwa sehemu ya kusoma.

Ripoti iliyonifundisha zaidi ilihusu chama cha msingi cha ushirika katika wilaya ya Tandahimba. Mwaka ule mafunzo kwa vitendo yaliangukia msimu wa korosho, Oktoba na Novemba, na kijana mmoja wa uhasibu alikuwa amepangiwa kusaidia kazi za ofisi katika chama hicho. Ripoti yake ilikuwa ya Kiingereza, kama kanuni zetu zinavyotaka, na Kiingereza chake kilikuwa kizuri kupita kile alichokuwa akikiandika darasani. Sura ya pili ilieleza kwamba wanachama huchuma korosho zikishaiva na kuwa nyekundu, huzipeleka siku hiyo hiyo kwenye mashine ya kumenya, huziosha kwa maji, kisha huzianika juu ya vichanja. Mtu yeyote aliyekulia huku kusini anajua kwamba korosho haichumwi. Bibo huachwa mpaka lianguke lenyewe, watu wakaokota chini ya mkorosho, wakaitenganisha korosho na bibo lake, wakaianika juani na kuitia kwenye gunia. Kilichoelezwa mle ndani kilikuwa kahawa. Mtu alikuwa ameiagiza kompyuta ibadilishe jina la zao kila lilipotajwa, na kompyuta ilifanya hivyo kwa ukamilifu, isipokuwa mahali pawili ambapo palitajwa arabika, aina ya kahawa, peke yake, bila neno kahawa, na pakabaki kama palivyokuwa.

Kanuni ziliniruhusu kuandika sifuri na kuipeleka ripoti kwenye kamati bila kumwona mwenyewe. Nilimwita kwanza, kwa sababu nilitaka kuelewa inakuwaje mtu wa Tandahimba anakabidhi maelezo kama yale kuhusu zao lililomlea.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Nyumbani mna mikorosho?"

"Ipo, Madam. Ya mama, na mingine ya babu."

"Mnaanza kuichuma mwezi gani?"

Alinitazama kama mtu aliyesikia vibaya. "Korosho haichumwi, Madam," alisema, na kabla sauti yake haijatua alikuwa ameshaelewa kwa nini nimeuliza. Akainamisha kichwa.

Niliifunga ile ripoti, nikaiweka pembeni, nikamwomba anisimulie alichokiona kule chamani. Alianza kwa kusitasita, kisha akasahau kwamba alikuwa ameitwa kwa kosa. Alieleza jinsi magunia yalivyofika alfajiri kwa baiskeli na bodaboda, jinsi karani wa mizani alivyopima na kuandika risiti, jinsi korosho zilivyokaguliwa unyevu na kutenganishwa daraja la kwanza na la pili, na jinsi wakulima walivyokuja ofisini siku baada ya siku baada ya mnada kuuliza kama fedha zimeshaingia benki. Alieleza kwamba wapo waliofika chamani na magunia machache kuliko miaka iliyotangulia, kwa kuwa sehemu ya mavuno walikwisha kuiuza kwa kangomba, yaani kwa wanunuzi wasio rasmi, kabla ya msimu, walipokuwa na shida ya fedha. Alieleza zaidi habari ya unyaufu: kilo zilizopimwa kijijini zilikuwa zinapungua zinapofika ghala kuu, na kila mara ulizuka ubishi juu ya nani abebe pengo hilo. Akatoa mfukoni daftari dogo lililokunjwa katikati. Mle ndani, kwa Kiswahili, alikuwa ameandika uzito wa kila mzigo uliotoka na uzito wake ulipopokelewa.

Nilimuuliza kwa nini hayo hayakuwemo kwenye ripoti. Alijibu kwamba aliyaona ni mambo ya kijijini tu, si ya kitaaluma, na kwamba hata kama angetaka kuyaandika, Kiingereza chake kisingetosha kuyaeleza.

Jibu lile limebaki kuwa kipimo changu cha jambo zima. Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi korosho zake ghalani kupitia chama zikauzwe mnadani, ulianza kutumika kwa korosho hapa Mtwara mwaka 2007, na tangu hapo umezungumzwa bungeni, mahakamani na kwenye vikao vya kila namna. Lakini rekodi ya unyaufu wa chama kimoja cha msingi, iliyoandikwa siku kwa siku na mtu aliyekuwa amesimama kando ya mizani, ni kitu ambacho mimi sikuwa nacho wala maktaba ya chuo chetu haikuwa nacho. Kijana alikuwa ameibeba mfukoni, akaiacha huko, akakabidhi kahawa ya watu wengine. Hakunakili kwa kukosa la kusema. Alinakili kwa sababu miaka yake yote ya shule ilikuwa imemwaminisha kwamba alichonacho hakihesabiki.

Naijua miaka hiyo kwa sababu kabla ya kuja chuoni nilifundisha historia katika shule ya sekondari wilayani Nachingwea. Mtoto hutoka darasa la saba akiwa amesoma karibu kila kitu kwa Kiswahili, halafu anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila kitu kiko kwa Kiingereza. Asiyeielewa sentensi hawezi kuieleza kwa maneno mengine; anachoweza ni kuiandika kama ilivyo na kuikariri. Vitabu huwa vichache, kwa hiyo mwalimu huandika nukuu ubaoni, au humkabidhi kiranja daftari lake ayaandike wakati yeye yuko darasa jingine, na wanafunzi wote huyanakili neno kwa neno, pamoja na makosa ya kiranja. Mtihani unapokuja, maswali huomba maneno yale yale, na aliyeyarudisha bila kupunguza wala kuongeza ndiye anayesifiwa kwenye mstari wa asubuhi. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, watoto wengi ambao wangebaki nyumbani wameingia shuleni, jambo ninalolifurahia kwa moyo wote, lakini madarasa yamefurika na nafasi ya mwalimu kusoma insha ya kila mmoja kwa utulivu imezidi kuwa finyu. Mwanafunzi akipita katika utaratibu huo kwa miaka minne au sita, kisha siku ya kwanza chuoni akaambiwa kwamba kunakili ni kosa linaloweza kumfukuzisha, huwa anasikia amri ambayo hakuna aliyemwandaa kuitii.

Kule Nachingwea niliwahi kuwapa wanafunzi wa kidato cha tatu insha kuhusu Mpango wa Karanga, ule mradi mkubwa wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kuachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 35. Insha zilizorudi zilikuwa zimetoka kwenye kijitabu kimoja cha marudio. Zilianza kwa sentensi moja, zilitaja sababu zile zile kwa mpangilio ule ule, na zote zilikuwa na herufi moja iliyokosewa katika jina Nachingwea, wilaya ambayo waandishi wake walizaliwa na wanaishi. Wiki iliyofuata niliwarudishia bila alama, nikawapa kazi nyingine: kila mmoja amtafute mzee aliyeufanyia kazi mradi ule, au aliyelelewa na mtu aliyeufanyia kazi, amuulize mambo matatu, na aandike alichojibiwa pamoja na jina la kijiji na uhusiano wake na mzee huyo.

Miaka hiyo wazee hao walikuwa bado wapo. Wengine walikuwa watoto wakati matrekta yanang'oa visiki, wengine walibeba mizigo kwenye reli iliyotoka bandarini Mtwara hadi Nachingwea na ambayo iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mzee mmoja alisema mradi ulishindwa kwa sababu ya mvua, mwingine akasema ardhi iligeuka ngumu kama sakafu, mwingine hakujali hata kidogo kwa nini ulishindwa, alichokumbuka ni kiwango cha mshahara na duka alilonunua shuka ya kwanza. Wanafunzi waliopata majibu yanayopingana walikuja kuniuliza waandike lipi, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza nilipoweza kufundisha namna ya kupima ushahidi na kumtaja aliyesema. Insha zilikuwa na makosa mengi ya Kiingereza, na hakuna mbili zilizofanana. Nisifiche kwamba wachache walibuni mazungumzo ambayo hayakufanyika. Niliwatambua kwa kuwauliza mambo madogo, kama mzee alikuwa amekaa wapi na ni nani mwingine alikuwepo. Hata hivyo waliobuni walikuwa wachache kuliko walionakili wiki iliyotangulia, na kazi ya kubuni iliwachosha kuliko ambavyo ingewachosha kwenda kumwona babu.

Shule ile ilikuwa na jibu lake kwa wanaonakili, nalo lilikuwa fimbo. Kanuni za adhabu ya viboko hapa nchini humpa mamlaka hayo mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, kwa viboko visivyozidi vinne, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kwa nilivyoona, viboko viliwafundisha wanafunzi kunakili kwa uangalifu zaidi: kubadilisha maneno ya mwanzo, kupanga upya aya, kumwomba mwenye akili darasani aandike insha mbili badala ya moja. Sikumwona mtoto aliyejifunza kuandika kwa sababu alichapwa. Mtihani wa taifa ni suala jingine, na hapo sina huruma ya kubembeleza. Baraza la Mitihani la Tanzania linapofuta matokeo ya mtu aliyeangalizia au aliyeingia na karatasi za siri, linalinda haki ya mtoto mwingine aliyekosa nafasi ya kidato cha tano kwa alama moja. Tatizo ni kwamba tunachukua hasira inayostahili mtihani na kuimwaga juu ya kazi za nyumbani na ripoti, ambazo kusudi lake ni kumfundisha mtu kuandika, na ambamo kukosea kunapaswa kuwa sehemu ya kujifunza.

Chuoni hakuna fimbo, kuna kamati. Kamati ina kanuni zake, kuanzia onyo la maandishi, kurudia kazi, kupewa sifuri katika somo, hadi kusimamishwa au kufukuzwa, na mimi nimekuwa mjumbe kwa muda wa kutosha kuona jinsi wajumbe wanavyovutwa na adhabu kubwa kila wanapochoka. Shauri lililoniumiza kuliko mengine lilihusu mabinti wawili waliopanga chumba kimoja mtaani, ambao ripoti zao zilifanana kuanzia shukrani hadi viambatisho. Kanuni ilisema wote wawili wana hatia, aliyechukua na aliyetoa, na pendekezo la kwanza mezani lilikuwa wote wapewe sifuri ili liwe fundisho kwa wengine.

Niliomba tuwasikilize kila mmoja peke yake, na waje na daftari zao. Yule mwandishi wa ripoti alikuwa na rasimu, mihuri ya ofisi aliyofanyia kazi, na majina ya watu aliowahoji. Alieleza kwamba mwenzake alikuwa wodini akimuuguza mama yake wiki zote za mwisho, alirudi siku mbili kabla ya tarehe ya kukabidhi, na akamwomba faili aone mpangilio. "Ningemnyimaje, Madam? Tunakula sahani moja," alisema. Katika malezi yetu mtu anayeficha daftari lake huitwa mchoyo, na watoto tumewalea hivyo kwa makusudi, kwa kuwa bila kuazimana daftari wengi wao wasingemaliza hata sekondari. Kumwambia leo kwamba ukarimu ule ule ni kosa sawa na la mwenzake kulikuwa ni kumtaka achague kati ya chuo na utu aliofundishwa nyumbani. Baada ya mabishano marefu kamati iliamua kwamba aliyenakili arudie ripoti yake na alama yake isizidi kiwango cha kufaulu, na aliyetoa apewe onyo. Binti aliyenakili aliuliza swali moja tu: kama kulikuwa na njia ya kuomba kuongezewa muda, mbona hakuambiwa? Njia ilikuwepo. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza katika kitabu cha mwongozo, ukurasa ambao sidhani kama kuna mwanafunzi aliyewahi kuufikia. Tangu siku hiyo tunaisoma kanuni hiyo kwa sauti, kwa Kiswahili, kabla hawajaondoka kwenda fildi.

Niligundua vilevile kwamba tunawaadhibu watu kwa kutotaja vyanzo bila kuwa tumewaonyesha jinsi ya kuvitaja. Mhadhara wa marejeo huwa ni saa moja ya koma, mabano na italiki, na mwanafunzi hutoka akidhani kwamba ni urembo wa ukurasa wa mwisho. Wengi wa wanafunzi wangu wa pwani, wa Kilwa, Lindi, Mikindani, walipita chuo cha Kurani kwa maalimu kabla ya kuanza darasa la kwanza, na wanajua fika kwamba hadithi ya Mtume haisomwi hivi hivi tu; husemwa imepokewa na nani, na mnyororo wa wapokezi ukikatika, wanazuoni huitilia shaka. Ninapoanzia hapo, darasa hunielewa kwa dakika chache. Wanaona kwamba kumtaja aliyesema ni kulipa neno nguvu, na kwamba ukiandika "karani wa mizani wa chama, mahojiano ya tarehe fulani" hujajishusha. Umemwonyesha msomaji mahali pa kwenda kuhakikisha. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo inaruhusu kunukuu kazi ya mtu kwa sharti la kutaja chanzo na mwandishi, na wanafunzi hushangaa kusikia kwamba kuchukua maneno ya mwingine kunaruhusiwa kabisa, ilimradi usiyafanye yako.

Siku hizi mjadala umehamia kwenye programu. Vyuo vikuu kadhaa nchini hutumia Turnitin, ambayo hulinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi yaliyomo kwenye hazina yake na kwenye intaneti, kisha hutoa asilimia ya mfanano. Ni chombo chenye manufaa, lakini asilimia hiyo haisemi nani kaiba. Maneno yaliyonukuliwa kwa haki nayo huhesabiwa yasipochujwa, na ripoti iliyolala kwenye kompyuta ya steshenari bila kupandishwa popote haiwezi kuonekana. Ile kahawa ya Tandahimba ingepita salama. Kisha Novemba 2022 ikaja ChatGPT, na mwanafunzi mwenye simu na bando akawa na mwandishi anayemwandikia ripoti ambayo haifanani na ya mtu yeyote. Turnitin iliongeza kipimo cha kutambua maandishi ya akili mnemba Aprili 2023, na vipimo vya bure vimejaa mtandaoni.

Hapa ninawasihi walimu wenzangu tuwe waangalifu sana. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, ilikuwa na kipimo chake cha kutambua maandishi ya mashine, na ilikiondoa Julai 2023 kwa sababu usahihi wake ulikuwa mdogo. Mwaka huo huo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu vipimo 7 kwa kuvipa insha 91 zilizoandikwa na watu wanaojifunza Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa TOEFL. Kwa wastani zaidi ya asilimia 60 ya insha hizo zilidaiwa kuwa ni kazi ya mashine, ilhali insha za wanafunzi wa Marekani zilitambuliwa karibu zote kuwa za binadamu. Sababu waliyoieleza ni kwamba mtu anayeandika lugha ya kujifunza hutumia msamiati mchache na sentensi zinazotabirika, na hicho ndicho vipimo hivyo hutafuta. Huyo ni mwanafunzi wetu. Kiingereza chake amekipata kwenye nukuu za ubaoni, na ndiyo maana kinafanana na cha mashine.

Binti mmoja wa Ruangwa alifikishwa kwetu kwa ushahidi wa kipimo cha bure peke yake. Alikuja na rasimu zake za mkono, zilizofutwa na kuandikwa upya, na kwenye ukingo wa karatasi alikuwa ameandika maneno ya Kiswahili ambayo baadaye aliyatafutia Kiingereza katika kamusi. Tulimuuliza maswali ya ripoti yake kwa Kiswahili, akajibu yote, na mawili akayajibu vizuri kuliko alivyoyaandika. Shauri likafutwa. Lakini alikuwa ameshalala usiku mwingi akijua kwamba chuo kinamwita mdanganyifu, na hilo hatukuwa na njia ya kulifuta.

Kwa hiyo katika idara yetu tumeanza kufanya mambo kwa namna nyingine, na inatugharimu. Kila mwanafunzi huenda fildi na daftari ambalo msimamizi wake wa kazi hulisaini kila wiki. Ripoti haisahihishwi mpaka mwenyewe aketi na mwalimu kwa dakika chache, aeleze kwa Kiswahili alichokiona, na ajibu maswali ya daftari lake. Maswali ya ripoti nayo tumeyabadilisha: badala ya kuomba "umuhimu wa ushirika kwa wakulima", ambao mtandao umejaa, tunaomba jambo moja lililotokea mbele ya macho yake na jinsi lilivyoamuliwa. Kunakili hakujakoma. Wapo wanaojaza daftari zima usiku mmoja, na huonekana kwa wino usiobadilika, mwandiko ulionyooka kuanzia wiki ya kwanza hadi ya mwisho, na taarifa za mikutano iliyofanyika siku ya Idi. Kijana wa Tandahimba alirudia ripoti yake chini ya utaratibu huu. Sarufi yake ilikuwa dhaifu na nadharia ilikuwa haba, lakini jedwali lake la unyaufu nimelitumia darasani tangu hapo, kwa ruhusa yake na kwa jina lake.

Lalamiko kubwa la wenzangu ni muda, na ni lalamiko la haki. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kuketi na kila mmoja bila kuacha kazi nyingine, na mpaka sasa saa hizo hazihesabiwi popote katika mzigo wetu wa kazi. Nimeshaliandikia uongozi mara kadhaa, na nitaendelea kuandika mpaka zihesabiwe.

Jambo la pili lililo mezani ni lugha. Siku hizi somo la Historia ya Tanzania na Maadili linafundishwa sekondari kwa Kiswahili, na hakuna aliyethibitisha kwamba wanafunzi wake wanafikiri kidogo zaidi. Nimeiomba idara iruhusu mwanafunzi aandike sehemu ya ripoti inayoeleza alichokiona kwa Kiswahili, na muhtasari wake tu uwe kwa Kiingereza. Wapo wanaohofia kwamba mtahini wa nje atakataa, na wapo wanaohofia kwamba Kiingereza cha wanafunzi kitazidi kudorora. Hofu zote mbili zinastahili kujibiwa kwa majaribio kuliko kwa maneno. Nimependekeza tuanze na wale watakaopangiwa ofisi za vijiji na kata, ambako mikutano yote huendeshwa kwa Kiswahili na mihtasari yake huandikwa kwa Kiswahili, ili walinganishwe na wenzao watakaoandika Kiingereza kitupu. Kikao cha idara kitaliamua hilo kabla kundi lijalo halijaondoka.